Mkono Ulioshikilia

Nimerudi kutoka Ujiji juzi na bado nina hasira. Naandika nikiwa nayo makusudi, kwa sababu najua nikingoja ipoe nitaanza kutafuta maneno mazuri, na maneno mazuri ndiyo yaliyonichefua kule. Nilikwenda kwenye arobaini ya Dokta Feruzi, aliyekuwa mkuu wangu wa idara nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka chuoni, natumikia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali moja ya Kigoma ambayo sitaitaja. Hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo kama nilivyokuja kuwa mimi, lakini mji mzima ulimwita Dokta, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Chini ya turubai walisimama watu watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema marehemu alikuwa na mikono ya dhahabu. Wa tatu akaongeza kwamba hakuna aliyepita kwenye mikono ile akarudi kama alivyokuja. Hapo nikakubaliana naye, ila si kwa maana yake. Nilikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi na nilikiweka chini ya kiti ili nisikitupe. Mwenye kipaza sauti alikuwa ameshaniomba niwe wa nne, niseme mawili matatu kwa niaba ya wanafunzi wake.

Mwaka ule nilipanga chumba cha uani Ujiji, kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Tatu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo mbili, msumari wa kutundikia sare yangu nyeupe, na mlango wa mbao uliovimba kila mvua ilipoanza. Wiki ya kwanza ya masika nilikwama ndani, nikausukuma kwa bega mpaka Bi Tatu akapiga kelele kutoka jikoni. "Utaung'oa na bawaba zake, mwanangu! Shika fremu kwa mkono mmoja, unyanyue kidogo kwa mwingine, ndiyo usukume. Taratibu. Mlango haukomolewi." Nilicheka peke yangu mle ndani, kwa maana ndiyo somo lilelile mwalimu wetu wa chuo alilokuwa akituimbia miaka mitatu. Mfupa mmoja ushikilie usiende popote, mwingine ndio uusogeze. Kabla ya kusogeza, uvute kidogo utengane na mwenzake. Anza na msogeo mdogo, mdogo kiasi kwamba anayetazama hataona kitu. Na misuli ikikaza kujilinda, wewe ndiye uliyekosea, si mgonjwa. Mwalimu yule alikuwa mwanamke mfupi mwenye kucha zilizokatwa mpaka nyamani, na alitukataza kumgusa mgonjwa kabla hatujaupima upande wake mzima, ule usioumwa, ili tujue Mungu alimpa kiasi gani tangu mwanzo.

Jioni tulikula uani juu ya mkeka, sinia moja, Bi Tatu na majirani wawili na mimi. Ugali wa muhogo, migebuka iliyopikwa kwa mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu kama udongo wa njia ya Kasulu, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, siku ambazo samaki walikuwa adimu. Mimi Mkristo, wao Waislamu, na hakuna aliyejali hilo, ila jambo moja Bi Tatu hakulitania. Mkono wa kushoto haukuingia kwenye sinia lake. Niliwahi kuusogeza bila kufikiri, nataka kuondoa mwiba, akanipiga kofi jepesi la vidole na kuendelea na mazungumzo yake. Nilimpenda sana mwanamke yule. Naliandika hilo mapema, kwa sababu hata yeye leo nina hasira naye, na amekufa, na hasira kwa waliokufa haina pa kwenda.

Alikuwa na mwana mmoja, Idi, aliyekaa Katonga na mkewe Mwajuma. Wazazi wa Mwajuma walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, naye alizaliwa hapa hapa ufukweni. Kazi yake ilikuwa dagaa: kuwapokea asubuhi mitumbwi inapoegeshwa, kuwabeba kwenye beseni mpaka mchangani, kuwatandaza, kuwageuza. Asubuhi moja aliteleza kwenye mawe yenye utelezi akiwa na beseni kichwani, akaangukia kiwiko cha kulia. Walimfunga plasta wiki sita. Ilipotolewa, kiwiko kilikuwa kimekakamaa, hakikunjiki wala hakinyooki sawasawa. Bi Tatu akanijia na khanga yake begani. "Adela, nina mkamwana wangu huko Katonga. Wewe si unafanya kazi hiyo ya viungo? Nitamleta kwako, si kwa mwingine."

Nakikumbuka chumba chetu cha mazoezi kuliko nyumba nilizoishi baadaye. Vitanda viwili vya ngozi nyeusi iliyopasuka, gurudumu la mbao ukutani la kuzungusha mabega, mifuko ya mchanga, harufu ya dawa ya kuchua, na dirisha lililotazama ziwa. Mwajuma alikaa kwenye kitanda cha dirishani. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka miwili hivi, akaniita yaya, kama watu wa ng'ambo wanavyomwita dada mkubwa. Nilimuuliza anataka nini hasa kutoka kwangu, swali ambalo chuoni tulifundishwa kuuliza na pale idarani sikuwahi kumsikia mtu akiliuliza. Hakufikiri. "Beseni nitalibeba kwa mkono wa kushoto, yaya. Nguo nitafua kwa miguu. Miye nataka huu ufike mdomoni, basi. Nimechoka kulishwa na mume wangu mbele ya mama yake." Akajaribu kunionyesha. Mkono ulipanda ukasimama mbele ya kifua chake, ukaishia hapo. Nikaweka vidole vyangu katikati ya mkono wake na midomo yake tukahesabu. Vilienea kumi.

Tulifanya kazi wiki tatu na siku kadhaa. Nilimlaza, nikaukunja mkono wake nusu, pale kiungo kinapolegea chenyewe bila kulazimishwa. Mkono wangu wa kushoto ulishika mfupa wa juu ukaukandamiza kitandani usiende popote. Wa kulia uliushika mfupa wa chini karibu kabisa na kiwiko na kuuvuta kidogo utengane na wa juu, nikihesabu, nikiachia, nikirudia. Ukipita pale kwa haraka ungesema wanawake wawili wanapiga soga. Na soga tulipiga. Nilijua kutoka kwenye kinywa chake nani kamwacha nani pale Katonga, na mfanyabiashara gani anachanganya mchanga kwenye dagaa. Akinyamaza ghafla, nilijua nimezidisha, nikarudi nyuma. Mwisho wa kila siku nilimpa kikombe cha maji anyanyue mpaka pale alipofikia, ili mkono ujue kwamba nafasi mpya ni yake. Nyumbani nilimwambia asimame mlangoni kila asubuhi, aegemeze kiganja kwenye fremu na kuusogeza mwili taratibu. Vidole kumi vikawa nane. Vikawa sita. Siku vilipokuwa vinne aliushika mkono wangu akanibusu kwenye vifundo, nami nilitembea kurudi Ujiji kwa miguu kwa furaha, kilomita zote zile.

Dokta Feruzi hakupenda. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mwenye kifua cha mpiga ngoma, na alipoingia chumbani wagonjwa walijiweka sawa kama wanafunzi. Njia yake ilikuwa moja: kushika na kukunja mpaka mgonjwa alie. Kilio kilikuwa kipimo. "Asipolia, umemfanyia nini?" alituuliza. "Umempapasa tu. Watu wanapanda mashua kutoka Ilagala kuja kupapaswa?" Wagonjwa wenyewe walimsifu kwa hilo. Niliwasikia kwenye benchi la nje wakihesabiana vilio vyao, nani aliita mama yake, nani aliuma khanga, na aliyelia zaidi ndiye aliyejiona ametibiwa. Huo ndio ugonjwa wa mji ule, na nautaja kwa sababu Dokta Feruzi hakuuanzisha peke yake. Watu waliokua wakichuliwa na mafundi wa mifupa kwa mawese ya moto hawakuweza kuamini kwamba tiba inaweza kufanana na mtu anayetafuta sindano iliyopotea kwenye jamvi.

Ndiyo maana Bi Tatu akafanya alichofanya. Nilimsikia kupitia ukuta wangu, akiongea na jirani wakichambua mboga. "Wiki ya nne hii anashikwashikwa. Mtoto ni mzuri, Adela, lakini mikono yake laini mno. Nimemwendea Dokta mwenyewe, nimempigia magoti. Kasema nimlete Jumatatu, siku moja tu inatosha." Jirani akaitikia, "Ego, yule ana nguvu." Nilikaa kitandani na kitana mkononi. Ningeweza kutoka nikasema, Bi Tatu, vimebaki vidole vinne, nipe wiki tatu. Nilikuwa mpangaji, nilikuwa mtoto wa watu, nilikuwa na sare iliyopigwa pasi kwa pasi yake ya mkaa. Nikanyamaza, nikajiambia Dokta ataona maendeleo na atatuacha tuendelee.

Jumatatu ile kulikuwa na wageni, wakubwa watatu kutoka makao makuu wanaokagua idara. Mwajuma alifika akiwa amechoka. Jumapili dagaa walikuwa wengi kupita kiasi na alibeba na yeye, kwa mikono yote miwili, kwa furaha ya kuweza. Niliweka mgongo wa kiganja changu kwenye kiwiko chake. Kilikuwa cha moto. Nikauweka kwenye kile kizima, kilikuwa baridi. Kila aliyepita darasani kwetu alijua maana yake: kiungo chenye joto hakiguswi, unakipumzisha, unangoja. Nikamwendea Dokta Feruzi, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo Dokta. Huyu ana joto kwenye kiungo leo, naomba tumwache mpaka lishuke." Akawageukia wageni. "Anasema kuna joto," akawaambia. "Binti, hapa ni Kigoma. Hata mimi nina joto." Wakacheka wote watatu, na mmoja alikuwa akijipepea kwa faili.

Kisha akaniambia, "Shika juu." Nikashika juu. Naomba msomaji aelewe vizuri nilifanya nini. Niliuweka mkono wangu wa kushoto pale pale nilipouweka wiki tatu zote, juu ya mfupa wa juu, nikaukandamiza usiende popote, kwa ustadi kabisa. Bila mtu wa kushikilia, mgonjwa angejirusha, bega lingefuata na nguvu ingepotea. Nilihakikisha haipotei. Misuli yake ilikaza chini ya vidole vyangu ikawa kama kamba ya nanga, na Mwajuma akanitazama mimi, hakumtazama yeye. "Yaya," akasema. Dokta Feruzi akaushika mkono wa chini karibu na kifundo, mbali na kiwiko, pale unapopata nguvu nyingi zaidi, akasema, "Leo utakula kwa mkono wako mwenyewe," akakunja. Kulikuwa na sauti. Vidole vya Mwajuma viligusa midomo yake, na wageni wakapiga makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho vidole vile kugusa midomo ile.

Kesho yake kiwiko kilikuwa kimevimba, na baada ya wiki mbili nyama ya mbele ilikuwa ngumu kama jiwe. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mpya ulioanza kuota ndani ya msuli, mahali pasipo na mfupa. Hutokea, hasa kwenye kiwiko, hasa kinapolazimishwa. Tulionywa chuoni mpaka tukachoka kuonywa. Tukapima tena vidole. Vilienea kumi na viwili. Dokta Feruzi aliitazama picha ile dirishani muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania. Nilidhani atasema ukweli. Akavuta kadi ya mgonjwa, akanisogezea na kalamu. "Andika. Mgonjwa hakuzingatia mazoezi ya nyumbani." Nikamwambia alikuwa akiyazingatia. Akasema taratibu tu, kama baba, "Fomu yako ya kumaliza mwaka nani anaisaini, Adela?" Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa herufi za mviringo, walimu waliusifu tangu shule ya msingi.

Kadi za wagonjwa zilikaa na wenyewe, na Idi alijua kusoma. Alimsomea mama yake uani, Mwajuma kando yake, nikiwa nimekaa hatua nne kutoka hapo. Bi Tatu hakufoka. Alikunja khanga yake magotini na kusema, "Kumbe." Mwajuma akasema alikuwa akifanya kila asubuhi, mlangoni, muulizeni yaya. Wote wakanigeukia. Nikasema labda hakufanya vya kutosha. Sikusema zaidi ya hapo, na hapo palitosha. Ijumaa iliyofuata Mwajuma alipopeleka mkono wa kushoto kwenye sinia, kwa kuwa wa kulia haukufika popote, Bi Tatu akalivuta sinia kwake. "Dini ina ruhusa kwa mwenye udhuru," akasema. "Lakini uvivu si udhuru." Akampakulia kwenye sahani ya bati peke yake, akamweka kando, karibu na mlango wangu. Nilikula kwenye sinia lile mpaka mwaka ukaisha. Samaki walikuwa watamu, sitadanganya. Kisha fomu yangu ikasainiwa nikapanda treni.

Nimefundisha wanafunzi wengi tangu siku ile. Najulikana kwa ukali. Mwanafunzi akimgusa mgonjwa kabla ya kuupima upande mzima namtoa nje, akilazimisha kiungo penye maumivu namtoa nje na kitabu chake kinamfuata. Wananiogopa na wanasema napenda kazi. Huko si kupenda kazi. Ni miaka karibu arobaini ya kumfokea msichana mmoja mwenye sare nyeupe kwa kuwafokea wengine, na hakuna hata mmoja wao aliyestahili.

Sasa turudi kwenye turubai. Dua ilikuwa imekwisha na masinia ya pilau yalikuwa yakizunguka kwa wanawake. Nilipogeuka nisiwatazame waliomsifu Dokta, nikamwona. Mzee sasa, mnene kidogo, amekaa pembeni ya mkeka na sahani yake mwenyewe, anakula kwa kijiko kirefu kilichopindwa shingo, mkono wa kulia umesimama mbele ya kifua pale pale. Wenzake watano walikuwa kwenye sinia moja mbele yake. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikamwambia shikamoo ingawa mimi ndiye mkubwa, na hakuitikia.

"Wewe si yule aliyenishika?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Nilijua. Watu wazima hawabadiliki mikono."

Nikamwambia habari ya kadi. Nani alitamka, nani aliandika, kwa sababu gani. Sikuweka kilio, nilihofia angelazimika kunibembeleza. Aliendelea kutafuna polepole, akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe. Ulikuwa unafanya mazoezi. Nilijua."

"Mama mkwe wangu amekufa anajua mimi mvivu. Idi amekufa anajua hivyo hivyo. Kila tulipogombana, hata iwe kwa sababu ya chumvi, alikuwa anaitaja kadi. Na miye mwenyewe, sikia, kuna miaka niliamini. Nilisema labda kweli sikufanya vya kutosha." Hayo yalikuwa maneno yangu, yale ya uani. Alikuwa ameyabeba maisha yake yote. Akamwita binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipita na birika la kunawisha. "Rehema. Njoo hapa. Wewe," akanigeukia mimi, "mwambie huyu. Bibi yake alimwambia kwamba mama yake hakutaka kujihangaikia."

Nikamwambia Rehema. Wanawake wa kwenye sinia waliacha kula. Mmoja akanong'ona kwamba marehemu hasemwi, tena siku ya arobaini yake, kwake. Wakati huohuo nikasikia jina langu kwenye kipaza sauti: mwanafunzi wa marehemu, ametoka mbali, karibu dada Adela utupe machache. Nikamtazama Mwajuma. Alichukua kijiko chake akaendelea kula, akinitazama.

Nikaenda. Nikashika kipaza sauti, nikasema naitwa Adela na nilifanya kazi na marehemu mwaka mmoja, na nimesikia habari za mikono ya dhahabu. Nikasema kukunja kiungo kunahitaji mikono miwili, mmoja unasogeza na mwingine unashikilia, na siku alipoharibiwa mkono Mwajuma wa Katonga, aliyekaa pale, mkono uliosogeza ulikuwa wa Dokta Feruzi na ulioshikilia ulikuwa wangu. Watu wakaanza kuguna. Mtu akakizima kipaza sauti kabla sijafika kwenye kadi. Nikasimama na kile kitu kilichokufa mkononi, nikiendelea kusema kwa sauti yangu tupu, maneno yanapotea kwenye guno, mpaka nikasikia mtu akigonga kijiko kwenye sahani kule kwa wanawake, mara tatu, kwa nguvu.

"Rudia, yaya," Mwajuma akasema. "Wa nyuma hawajasikia."